Kilio cha Watazamaji wa Kwanza

Msomaji, huenda umepata kusikia, au wewe mwenyewe umepata kusema, maneno haya: "Huyu si yule tuliyemjua zamani." Maneno hayo husemwa juu ya mwimbaji aliyebadili mtindo wa nyimbo zake, au mchezaji mpira aliyehamia timu nyingine, na siku hizi husemwa zaidi juu ya watu wanaotengeneza video na kuzionyesha katika intaneti. Kijana hufuata video za mtu mmoja kwa miaka mitano au sita. Huzitazama atokapo shuleni, huwasimulia wenzake, na mizaha yake yote huijua kwa moyo. Kisha siku moja huona mambo yamegeuka. Chumba ni kingine, sauti ni nyingine, matangazo ya biashara yameingia katikati, na sura asizozijua zimekaa mahali pa zile alizozizoea. Hapo huanza kulalamika, na malalamiko yake aghalabu huwa makali kuliko ya mtu aliyeibiwa mali.

Watu wazima wengi huyacheka malalamiko hayo. Husema kwamba video ni kitu cha bure, na aliyepewa kitu bure hana haki ya kudai. Mimi sikubaliani nao, wala sikubaliani sana na wanaolalamika. Na sababu zangu nataka kuzieleza kwa kisa kimoja cha kweli, cha vijana wawili wa Marekani ambao mambo yao yanajulikana tangu mwanzo. Nimekichagua kisa chao kwa kuwa ni kirefu. Kilianza mwaka ule ule mtandao wa YouTube ulipoanza, na ndani yake mna karibu kila badiliko linaloweza kumpata mtu wa kazi hiyo.

Kwanza, lakini, yafaa ifahamike kwamba kilio chenyewe si kipya. Desemba 1893 mwandishi wa Kiingereza, Arthur Conan Doyle, alimwua mpelelezi wake Sherlock Holmes katika hadithi iliyochapishwa na gazeti la Strand, kwa sababu alichoka naye na alitaka kuandika mambo mengine. Wasomaji walikasirika, wengi wakaacha kulinunua gazeti, na mwandishi akapokea barua za matusi. Miaka kumi baadaye, mwaka 1903, ilimbidi amfufue. Hata hapa pwani ya Afrika ya Mashariki jambo hilo latambulikana. Katika miaka ya 1990 vikundi kama East African Melody vilipoleta taarabu mpya, yenye vinanda vya umeme na mipasho, na akina mama wakainuka vitini kwenda kucheza, wapenzi wa taarabu ya kale walitikisa vichwa. Wao walizoea kukaa na kusikiliza udi, kanuni na fidla kwa utulivu. Walisema hii si taarabu, na wapo wanaosema hivyo hata leo.

Kilicho kipya katika zama zetu ni ukaribu. Msomaji wa Conan Doyle alipeleka barua kwa posta, na huenda mwenyewe asiisome. Mtazamaji wa leo huandika lawama zake chini ya video ile ile, dakika ile ile, mbele ya watu wote, na mwenye video huzisoma kabla hajalala.

Sasa turudi kwenye kisa chetu. YouTube ulianzishwa Februari 2005 katika jimbo la California na vijana watatu, Chad Hurley, Steve Chen na Jawed Karim, ambao walikuwa wamefanya kazi pamoja katika kampuni ya PayPal. Video ya kwanza iliwekwa tarehe 23 Aprili mwaka huo. Yamwonyesha Karim amesimama mbele ya ndovu katika bustani ya wanyama ya San Diego, akisema maneno machache juu ya mikonga yao, basi. Haifiki hata nusu dakika. Aliyeitazama siku ile hakuweza kudhani kwamba ameona mwanzo wa kazi ambayo ingewalisha watu maelfu.

Karibu na Sacramento, mji mkuu wa jimbo hilo hilo, walikaa vijana wawili waliozaliwa mwaka 1987, Anthony Padilla na Ian Hecox. Walikuwa marafiki tangu shule ya msingi. Mwaka 2002 Padilla, akiwa bado mvulana wa shule, alifungua tovuti aliyoiita Smosh, akaweka humo michoro na michezo ya kuchekesha. Mwaka 2005 wakaanza kujipiga picha za video chumbani, wakijifanya kuimba nyimbo za vipindi vya watoto vya televisheni. Sauti haikuwa yao. Wao walichezesha midomo tu, wakaruka juu ya vitanda, wakapigana kwa mzaha. Novemba 2005 waliweka YouTube video moja ya namna hiyo juu ya wimbo wa katuni ya Pokémon. Ilitazamwa mara zaidi ya milioni 24, na kwa muda ikawa ndiyo video iliyotazamwa kuliko zote katika mtandao ule, mpaka ilipoondolewa mwaka 2007 kwa malalamiko ya wenye hakimiliki.

Ukiitazama michezo yao ya miaka ile, msomaji, huenda ukashangaa watu walipenda nini. Taa ni mbaya. Kuta ni za nyumba ya kawaida. Nywele za Hecox zimekatwa kama za mtoto aliyefunikwa bakuli kichwani. Mwaka 2006 walianza mchezo waliourudia mwaka baada ya mwaka, ulioitwa Food Battle, ambamo kila mmoja huchagua chakula chake na kujaribu kuthibitisha kwamba kinafaa kwa kazi zote za nyumbani kuliko cha mwenzake. Na Hecox, kila mwaka, huchagua andazi lile lile la duara lenye tundu katikati, lililopakwa sukari ya rangi ya waridi. Huo ndio ulikuwa mzaha wenyewe. Lakini katika umaskini huo ndimo ulimokuwa utamu wake. Kijana wa miaka kumi na mitatu aliyeutazama alijiona yeye na rafiki yake. Aliona kwamba watu wale hawakuchaguliwa na kituo chochote cha televisheni, wala hawakutumwa na mtu. Walikuwa wakicheza, naye alikaribishwa mchezoni.

Hali hiyo ilipata kuelezwa zamani kabla ya intaneti. Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliandika makala juu ya televisheni, iliyokuwa ngeni wakati ule. Walitambua kwamba mtangazaji anayeitazama kamera na kusema kwa upole, kana kwamba anazungumza na mtu mmoja sebuleni, humfanya mtazamaji ajihisi kuwa anamjua kama rafiki. Urafiki huo ni wa upande mmoja. Mtazamaji aweza kujitoa akitaka, ila hawezi kuugeuza uwe vile apendavyo. Wataalamu hao waliandika juu ya watu waliofuata vipindi vya saa maalumu katika studio kubwa. Fikiri basi ukubwa wa jambo hilo kwa mtu anayesema nawe kutoka chumbani kwake, kila Ijumaa, kwa miaka kumi.

Fedha ziliingia upesi. Oktoba 2006 kampuni ya Google ilikubali kuununua YouTube kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 1.65 za Marekani. Mwaka uliofuata mtandao ulianza kugawana na baadhi ya watengenezaji wa video mapato ya matangazo ya biashara. Kuanzia hapo lililokuwa mchezo likawa kazi. Sioni aibu katika jambo hilo, wala sidhani kuna aibu. Seremala halaumiwi kwa kuuza kiti. Walakini mabadiliko yote yaliyoleta kilio yana mzizi wake hapa, kwa sababu mtu akiisha kula kwa kazi yake, hana budi kuuliza nani amlipaye, na kwa masharti gani.

Mwaka 2011 Padilla na Hecox waliiuza Smosh kwa kampuni iliyoitwa Alloy Digital. Mauzo hayo hayakutangazwa kwa watazamaji kama habari kubwa, na wengi hawakuyajua. Wenyewe walieleza miaka mingi baadaye kwamba hawakupokea fedha taslimu. Walipewa hisa za kampuni ile, kwa matumaini kwamba siku moja hisa hizo zingeuzwa sokoni kwa bei kubwa. Tangu siku hiyo vijana wale walikuwa waajiriwa katika nyumba waliyoijenga kwa mikono yao. Mtazamaji aliyeketi mbele ya kompyuta aliona sura zile zile mbili, akadhani bado wao ndio mabwana wa mambo yao.

Badiliko jingine lilitoka kwa YouTube wenyewe, na nalo halikuonekana kwa macho. Zamani mtandao ulihesabu ni watu wangapi waliobofya video. Mwaka 2012 ukaanza kupima zaidi muda ambao mtu hukaa akitazama, na video zilizomshika mtu kwa muda mrefu zikawa ndizo zinazopendekezwa mbele kwa wengine. Fikiri juu ya maana yake. Mchezo mfupi wa kuchekesha wa dakika nne huhitaji kuandikwa, kuigizwa, kupigwa picha na kukatwa kwa kazi ya juma zima. Mtu anayecheza michezo ya kompyuta huku akipiga makelele aweza kutoa dakika arobaini kila siku bila kuandika neno. Kwa kipimo kipya, huyu wa pili ndiye aliyebarikiwa. Mwaka huo huo Smosh walifungua chaneli ya katuni, na baadaye wakafungua nyingine ya michezo ya kompyuta. Walikuwa pia na chaneli ya Kihispania. Januari 2013 chaneli yao kubwa ilikuwa ndiyo yenye watu wengi waliojiandikisha kuliko zote katika YouTube. Agosti ya mwaka huo ilipitwa na chaneli ya Felix Kjellberg wa Uswidi, ajulikanaye kama PewDiePie, ambaye kazi yake ilikuwa kucheza michezo ya kompyuta.

Oktoba 2013 Alloy Digital iliungana na kampuni nyingine, ikaitwa Defy Media. Mwaka 2015 Smosh walitoa filamu, na mwaka huo huo waigizaji wapya waliingizwa, miongoni mwao Shayne Topp na Courtney Miller. Video ziliongezeka. Taa zilikuwa nzuri sasa. Chumba cha Sacramento kilikuwa kimekwisha sahauliwa na wote isipokuwa watazamaji wa kwanza.

Na watazamaji hao walifanya nini? Wengi waliondoka kimya. Hao hatuwezi kuwaandika katika historia, kwa kuwa hawakuacha neno. Ni kama wateja wa duka ambao siku moja hawarudi. Wengine walibaki ili kugomba. Kila video ilipowekwa, waliandika chini yake kwamba Smosh imekufa, kwamba wawili wale wameuza roho zao, kwamba wanafanya kwa ajili ya fedha tu. Walitumia pia ile alama ya kidole gumba kilichoinamishwa, ambayo YouTube uliiweka mwaka 2010, na ambayo hesabu yake ilionekana na kila mtu hadi Novemba 2021 ilipofichwa. Waigizaji wapya walipokelewa vibaya kuliko wote. Hawakuwa wamemkosea mtu. Walikuwa vijana walioajiriwa kuchekesha, wakakuta umati unaowaona kuwa ni wanyang'anyi waliokaa katika viti vya wenyewe.

Kundi la tatu lilikuwa la watetezi. Hawa walisema kwamba mtu ana haki ya kukua, na asiyependa na asitazame. Maneno yao yalikuwa ya busara, lakini nadhani walifanya kosa moja: walitetea kila badiliko kana kwamba limetoka moyoni mwa watengenezaji wenyewe. Kwa hiyo wagomvi na watetezi, katika ugomvi wao mrefu, waliamini jambo moja ambalo halikuwa kweli. Wote waliamini kwamba Padilla na Hecox wanafanya wapendavyo.

Tarehe 14 Juni 2017 Padilla alitangaza kwamba anaondoka Smosh. Alisema amekosa uhuru wa kutunga atakavyo. Hecox alibaki. Watazamaji wa kwanza walilia machozi ya kweli, na baadhi yao wakaugeuza uchungu wao kuwa hukumu: wengine walimlaumu aliyeondoka kwa kumwacha rafiki yake, wengine wakamlaumu aliyebaki kwa kuchagua mshahara. Urafiki wa watu wawili waliojuana tangu utotoni ulijadiliwa na umati kama kesi ya mashamba. Wenye kampuni hawakujadiliwa hata kidogo, kwa kuwa hakuna aliyezijua sura zao.

Ukweli ulitoka wakati paa lilipoanguka. Novemba 2018 Defy Media ilifunga milango yake ghafula, wafanyakazi wakabaki bila kazi, na hisa zile walizopewa vijana wawili mwaka 2011 zikawa karatasi. Ndipo Padilla alipoeleza wazi habari za mauzo yale. Watu waliomtukana Hecox kwa miaka mingi kwamba amekuwa tajiri kwa kuwasaliti walijua sasa kwamba alikuwa mwajiriwa, na kwamba bei ya usaliti wake ilikuwa si kitu.

Hapa, msomaji, ndipo ninapotofautiana na wanaowacheka mashabiki. Watazamaji wale wa kwanza walikuwa wamesikia jambo la kweli. Masikio yao yalitambua kwamba sauti imebadilika kabla hawajaambiwa sababu. Walihisi kwamba kitu walichokipenda kimehamia katika mikono mingine, na kweli kilikuwa kimehama. Kosa lao lilikuwa katika kumtafuta mwenye hatia. Mtu mwenye uchungu humlaumu yule anayemwona. Na katika video huonekana mwigizaji tu. Mkataba hauna uso. Kipimo kipya cha mtandao hakina jina la kutukanwa. Basi lawama zote zilimwangukia kijana aliyesimama mbele ya kamera, ambaye huenda aliyahuzunikia mabadiliko hayo kuliko wao.

Hata hivyo, si haki kuyaweka yote juu ya makampuni, maana liko fungu jingine ambalo ni la watazamaji wenyewe. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi na miwili alipoitazama Smosh mwaka 2006 alikuwa na miaka ishirini na mitatu Padilla alipoondoka. Katika muda huo alikuwa amemaliza shule, ametafuta kazi, pengine amefiwa. Aliporudi jioni kutafuta kicheko cha zamani na asikipate, je, kilikuwa kimepotea katika video peke yake? Michezo ile ya mwanzo bado iko, isipokuwa michache iliyoondolewa. Yeyote aweza kuitazama leo. Wapo walioirudia wakaona haiwachekeshi tena kama zamani. Andazi la sukari ya waridi ni lile lile. Hilo ni jambo gumu kulikiri, na ni rahisi zaidi kuandika kwamba Hecox ameharibika.

Watengenezaji wengine wa video walikabili shida hiyo kwa njia zao. Kjellberg, ambaye nimemtaja, alianza mwaka 2010 akajulikana kwa mayowe yake katika michezo ya kutisha. Alipoipunguza, wapenzi wake wa kwanza waliidai. Agosti 2014 aliyafunga kwa muda maoni yote chini ya video zake, akisema yamejaa takataka za watu wanaojitangaza na kuchokozana, naye alitaka kuzungumza na wapenzi wake halisi. Kwa maneno mengine, yule aliyekuwa na watazamaji wengi kuliko wote duniani aliona hawezi tena kuwasikia. Mwingereza Tom Scott alifanya vingine. Alitoa video ya elimu kila juma tangu tarehe 1 Januari 2014, na tarehe 1 Januari 2024, miaka kumi kamili, akaweka video ya kuaga na kuusimamisha mwendo huo. Watu walihuzunika, lakini sikuona kilio cha usaliti. Alikwenda angali yeye yule, akawaambia kwa kinywa chake mwenyewe kwamba anakwenda. Tofauti hiyo yafaa kufikiriwa. Mashabiki wa Smosh hawakuagwa na mtu. Waliachwa wagundue wenyewe, video kwa video, kwamba jambo fulani limekwisha.

Baada ya kampuni kuanguka, Hecox na waigizaji waliobaki walisema hawataachana. Februari 2019 Smosh ilinunuliwa na Mythical Entertainment, kampuni ya Rhett McLaughlin na Link Neal. Hao nao ni marafiki wawili wa utotoni, wa North Carolina, waliokutana katika darasa la kwanza mwaka 1984 na kupata jina kwa video za kuchekesha. Kwa mara ya kwanza tangu 2011 mwenye mali alikuwa mtu aliyeijua kazi yenyewe. Watazamaji wengi walitulia. Waliotukanwa mwaka 2015 walikuwa sasa wamezoeleka, na michezo yao ilikuwa na wapenzi wake, vijana ambao hawakuwa wamezaliwa, au walikuwa wachanga, wakati wa wimbo wa Pokémon.

Kisha Juni 2023 likatokea jambo ambalo wagomvi wa zamani walikuwa wamekata tamaa ya kuliona. Padilla na Hecox walitangaza kwamba wameinunua Smosh kutoka kwa Mythical, na kwamba ni mali yao tena. Kila mmoja alikuwa na miaka thelathini na mitano. Walisema wataandika na kuigiza tena michezo mifupi, wawili wao, kama mwanzo. Maoni yaliyoandikwa chini ya video ile ya tangazo yasomeka kama barua za watu waliopata habari za ndugu aliyepotea. Watu wazima wenye kazi na watoto walitaja walikuwa na umri gani walipoitazama Smosh mara ya kwanza, na waliketi na nani. Wengi walitaja kaka, dada au rafiki.

Lakini si wote waliofurahi kwa namna moja. Walikuwamo pia watazamaji wa umri mdogo, ambao Smosh waliyoijua ilikuwa ya Topp na Miller na wenzao, na ambao Padilla kwao alikuwa ni jina tu katika hadithi za wakubwa. Hao waliona mtu mgeni anaingia nyumbani na kuambiwa ni nyumba yake. Wakauliza kama waigizaji wao wataachishwa, kama vipindi walivyovizoea vitafutwa, na kwa nini kitu kilichokuwa kizuri kiguswe. Waigizaji hawakuachishwa, wala vipindi vyao. Lakini kabla hawajahakikishiwa hilo, vijana hao waliandika wasiwasi wao mahali pale pale walipoandikia kaka zao miaka minane nyuma, na baadhi ya maneno yalikuwa yale yale.